Mlango Unaofungwa Kabla ya Maji

Jumapili moja tulikuwa Chanika, mbele ya Gongo la Mboto na Pugu, huko ambako upepo wa bahari haufiki na samaki huja juu ya pikipiki. Mazungumzo na wanachama yalipokwisha, mama mmoja alitusogelea, akatuamkia, kisha akatuomba tusimame naye pembeni. Alikuwa na jambo lililomkaa moyoni.

"Ndugu Mhariri," alisema, "mwanangu wa pili amechukuliwa jeshini, katika wanamaji. Mtaa mzima tulifurahi. Juzi amekuja likizo, nikamwuliza, 'Baba, kazi gani umepewa huko melini?' Ananiambia yeye yuko chini ya afisa mmoja, na kutwa kucha wanazunguka kufunga milango, kupima maji ngamani na kuhesabu mipira ya kuzimia moto. Mizinga wanapiga wenzake. Mimi nimekwisha waambia majirani kwamba mwanangu ni askari. Sasa niwaambie nini? Kwamba amekwenda huko kuwa bawabu?"

Wazee waliokuwa karibu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo. Lakini swali lake lilikuwa swali la kweli, nasi tulimwahidi kulijibu katika ukurasa huu. Tunalijibu kwa kirefu, maana si la mama huyu peke yake. Wengi wetu tunaheshimu kazi inayoonekana na kudharau kazi inayozuia mambo yasionekane. Mtu akizima moto tunampigia makofi. Aliyezuia moto usiwake hatumjui hata jina.

KAZI YA AFISA HUYU

Katika kila manowari yuko afisa ambaye dhamana yake ni kudhibiti madhara. Katika majeshi mengi ya majini afisa huyu huwa chini ya mhandisi mkuu wa meli, lakini wakati wa hatari neno lake humfika nahodha moja kwa moja. Si yeye anayempiga adui. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba meli ikipigwa, au ikigonga mwamba, au ikishika moto, haizami; na kama haina budi kuzama, basi izame polepole, ili watu wapate kutoka.

Manowari haikujengwa kama mtumbwi, ambao ukitoboka mahali pamoja umetoboka wote. Tumbo lake limegawanywa kwa kuta za chuma, likawa vyumba vingi visivyopitisha maji. Kombora likitoboa chumba kimoja, maji hujaa chumba hicho na kukomea hapo, na meli huendelea kuelea kwa nguvu ya vyumba vilivyosalia. Hiyo ndiyo hekima yote ya mjenzi wa meli. Walakini hekima hiyo huharibiwa na jambo dogo sana: mlango ulioachwa wazi. Ukuta wenye mlango wazi si ukuta tena, hata uwe wa chuma kinene namna gani.

Kwa sababu hiyo, kila mlango na kila kifuniko cha sitaha hutiwa alama. Ipo alama ya mlango unaopasa kufungwa wakati wote, ipo ya mlango unaofungwa meli iwapo safarini, na ipo ya ule unaofungwa hatari inapotangazwa. Anayetaka kufungua mlango uliopaswa kufungwa huomba ruhusa, na jambo hilo huandikwa katika daftari: nani kafungua, saa ngapi, kwa sababu gani, na umefungwa tena lini. Baharia mvivu huona hayo kuwa usumbufu. Joto ni kali, mlango ni mzito, naye anapita hapo mara ishirini kwa siku; kwa nini asiuegemeze tu na kipande cha mti? Ni kazi ya afisa huyu kukiondoa kipande hicho cha mti, kila siku, bila ya kuchoka na bila ya kuogopa kuchukiwa.

Kisha kuna vikosi vyake, ambavyo huwekwa omo, katikati na tezi. Kila kikosi kina pampu, mipira ya maji, magogo ya kutegemeza kuta, kabari za mbao, magodoro ya kuzibia matundu, na vyombo vya kupumulia ndani ya moshi. Afisa hupaswa kujua kwamba kila kitu kipo mahali pake na kwamba kinafanya kazi. Pampu iliyomo kwenye orodha lakini haiwaki ni uongo ulioandikwa kwa wino.

Siku ya hatari yenyewe, afisa huyu hakimbilii kwenye tundu. Hukaa katika chumba chake, mbele yake pametandazwa ramani ya meli nzima, na habari humjia kwa simu kutoka kila upande: chumba fulani kina maji hadi magotini, ukuta fulani umeanza kuwa wa moto, njia fulani imejaa moshi. Yeye huandika yote juu ya ramani, huamua pampu iende wapi na mlango gani ufungwe, kisha humweleza nahodha ukweli mtupu. Akimwambia, "Tuna nusu saa," na kumbe wana dakika kumi, watu watakufa kwa ajili ya faraja yake. Ndiyo maana tunasema kwamba kazi hii, pamoja na mambo yake yote ya ufundi, kwanza ni kazi ya ukweli.

NDOO YA MAJI KICHWANI

Akina mama wa Chanika waliowahi kuchota maji visimani watafahamu jambo moja upesi kuliko wanafunzi wa chuo. Ndoo iliyojaa ukiitia kichwani hutulia. Lakini chukua beseni pana, ulitie maji nusu, kisha utembee: maji hukimbilia upande mmoja, nawe unayumba, yakarudi upande wa pili, nawe unayumba zaidi. Kwa hiyo mama hutia majani juu ya maji ili yasicheze.

Meli nayo ni hivyo hivyo. Maji kidogo yaliyotanda juu ya sitaha pana ni hatari kuliko maji mengi yaliyofungiwa chini ngamani. Meli ikiinama kidogo, maji yote huteremkia upande ulioinama na kuuongezea uzito. Na hapa pana mtego mkubwa: maji hayo si lazima yatoke baharini. Yaweza kuwa ni yale yale tuliyoyamwaga wenyewe tukizima moto.

Tarehe 3 Februari, 2006, meli ya abiria Al Salam Boccaccio 98 ilikuwa katika Bahari ya Shamu ikitoka Saudi Arabia kwenda Misri. Moto ulizuka katika sitaha ya magari. Mabaharia wakaupiga maji kwa bidii. Lakini maji hayakupata njia ya kutoka. Yalikusanyika sitahani, meli ikalala upande, ikapinduka. Watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha. Bidii ilikuwapo, ila hapakuwa na mtu wa kuyahesabu maji yaliyoingia na kuuliza, "Haya yatatokea wapi?" Swali hilo ndilo la afisa wetu. Kila tani ya maji anayoruhusu iingie, hupaswa kujua itatoka kwa njia gani.

HATARI HAICHAGUI BAHARI KUU

Wako wanaodhani kwamba meli ikisha kutia nanga imekwisha salimika. Watu wa Unguja wanayo hadithi nyingine. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus ilikuwa bandarini Zanzibar ikitengenezwa mitambo. Manowari ya Kijerumani Königsberg ikatokea, ikaipiga kwa mizinga iliyofika mbali kuliko yake. Pegasus haikuweza kukimbia wala kugeuka. Mabaharia 38 walikufa, na meli ikazama siku ile ile. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, ambacho wengine hukiita Kisiwa cha Makaburi.

Meli iliyo katika matengenezo ni kama mgonjwa aliye juu ya kitanda cha mpasuaji. Mtambo uliozimwa hauendeshi pampu, na mlango uliong'olewa ili upakwe rangi haufungiki. Kwa hiyo afisa wa kudhibiti madhara hana likizo bandarini. Hapo ndipo huuliza kwa ukali zaidi: kipi kimefunguliwa, nani anakilinda, na kama jambo likitokea usiku huu tutatumia nini?

HEWA ILIYOKISHIKA CHOMBO

Sasa na tugeukie msiba wetu wenyewe. Meli za abiria si manowari, na mama wa Chanika aweza kusema kwamba habari za mizinga hazimhusu. Lakini maji hayaulizi chombo ni cha vita au cha abiria.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza. Meli hiyo ilijengwa kuchukua abiria 430. Waliokuwamo walikuwa wengi kupita kiasi hicho, na hata leo hakuna awezaye kutaja idadi yao bila ya wasiwasi, maana si wote walioandikwa. Hesabu nyingi hutaja kwamba waliokufa walizidi 800. Nchi nzima iliomboleza siku tatu. Makaburi ya Igoma yako hapo Mwanza. Aendaye huko na ayatazame.

Jambo tunalotaka kulisema kwa upole, lakini tulisema, ni lile lililotokea baada ya meli kupinduka. Haikuzama mara moja. Ilielea kwa saa kadhaa, tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu hai. Kwa huruma, na kwa haraka ya kutaka kuwatoa, bamba la chuma la tumbo lile likatobolewa. Hewa ikatoka kwa kishindo. Kumbe hewa ile ndiyo iliyokuwa imekishika chombo juu ya maji! Ilipotoka, maji yaliingia mahali pake, na meli ikashuka na waliokuwamo.

Hatuandiki haya ili kumlaumu yeyote aliyeshika chombo cha kukatia chuma siku ile. Mikono ile ilitaka kuokoa. Tunaandika kwa sababu huruma peke yake haijui hesabu. Mtu aliyefundishwa kudhibiti madhara, kabla ya kutoboa popote, huuliza: chombo hiki kinaelea kwa nguvu ya nini? Hewa iko katika vyumba gani? Kitashikiliwa na nini tukiitoa? Maswali hayo hayawezi kufundishwa asubuhi ya msiba. Hufundishwa miaka mingi kabla, kwa watu ambao majirani zao huwaita mabawabu.

Miaka ishirini na miwili baadaye, tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kilijengwa kuchukua watu 101. Waliokufa walizidi 220. Siku mbili baada ya ajali, matumaini yalipokuwa yamekwisha, wapiga mbizi walimtoa fundi wa mitambo angali hai. Alikuwa amejihifadhi sehemu ya mitambo, mahali ambapo hewa ilikuwa imebaki. Hewa ile ile ambayo mwaka 1996 hatukujua thamani yake, mwaka 2018 ilimhifadhi mtu mmoja siku mbili ndani ya giza. Ndugu msomaji, hatuna somo kubwa kuliko hilo.

Tena tazama kwamba katika misiba yote miwili madhara yalianza gatini, kabla ya kamba kufunguliwa. Afisa wa kudhibiti madhara, kama angalikuwapo na kama angalisikilizwa, asingalianza kazi yake kwenye maji. Angaliianzia kwenye ubao wa kupandia, kwa kusema, "Wametosha." Neno hilo ni dogo, lakini kulitamka mbele ya umati unaosukumana, na mbele ya mkubwa anayehesabu nauli, kwataka ushujaa usiopungua ule wa mpiga mzinga.

MLANGO NA MWENZAKO

Liko jambo zito zaidi, ambalo hatukumwambia mama wa Chanika siku ile, kwa kuwa halikufaa kusemwa kwa kusimama.

Tarehe 17 Juni, 2017, usiku, manowari ya Marekani iitwayo Fitzgerald iligongana na meli ya mizigo karibu na pwani ya Japani. Katika chumba kimoja cha chini walikuwa wamelala mabaharia 35. Maji yalikijaza chumba kile kwa muda wa dakika moja hivi. Watu 28 walitoka. 7 walikufa humo. Wenzao walipigana na maji mpaka mchana, na meli ikarudi bandarini ikiwa inaelea. Uchunguzi wa jeshi lao wenyewe ulisema wazi kwamba ajali ile ingeweza kuepukwa.

Katika saa kama hiyo, afisa wetu hufikiwa na amri ambayo hakuna mzazi angependa mwanawe aitoe: kufunga kifuniko juu ya chumba ambacho huenda bado yumo mtu. Akikifunga mapema mno, amemwua mwenzake. Akichelewa mno, amewaua wote. Hakuna kitabu kinachoweza kumwambia ni sekunde ya ngapi. Lakini iko njia ya kuipunguza hukumu hiyo, nayo ni mazoezi. Baharia aliyezoezwa kutoka chumbani mwake akiwa amefungwa kitambaa machoni, akihesabu hatua na kupapasa ukuta, hutoka upesi kuliko asiyezoezwa. Na kila sekunde anayoiokoa ni sekunde ambayo mlango waweza kumngojea. Afisa anayewachosha vijana kwa mazoezi usiku wa manane hawaonei. Anawanunulia muda.

KAZI YA MMOJA NA KAZI YA WOTE

Twasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, amri lazima iwe moja. Lakini ujuzi wa kujiokoa usiwe wa mtu mmoja.

Mwaka 1967, tarehe 29 Julai, moto ulizuka juu ya sitaha ya manowari kubwa ya kubebea ndege ya Marekani, Forrestal, karibu na pwani ya Vietnam. Kikosi cha wazima moto waliofundishwa kilikimbilia motoni. Baada ya kama dakika moja na nusu bomu la kwanza lililipuka na kuwaua wengi wao. Waliobaki walikuwa mashujaa, lakini hawakufundishwa kazi ile. Wengine walimwaga povu la kuzimia moto, na wengine, kwa mipira ya maji, wakaliosha povu lile lile. Watu 134 walikufa. Tangu hapo jeshi lile likaamua kwamba kila baharia, awe mpishi au karani, lazima ajue kuzima moto.

Hili latuhusu sisi wafanyakazi wa nchi kavu. Katika kiwanda, nani ajua vali ya mafuta ilipo, zaidi ya fundi mmoja ambaye leo yuko likizo? Katika ghala, nani amewahi kuushika mtungi wa kuzimia moto ulioning'inia ukutani miaka mitano? Katika soko, mlango wa dharura umewekewa magunia ya nani? Na katika kivuko, ni abiria yupi aliyetazama koti la kuokolea liko wapi kabla ya kutafuta kiti?

Wakazi wa Chanika, Pugu na Gongo la Mboto hawahitaji mifano ya mbali. Usiku wa tarehe 16 Februari, 2011, mabomu yalipolipuka katika ghala za silaha pale Gongo la Mboto, watu walikimbia gizani bila ya kujua waelekee wapi, na watoto wakapotezana na wazazi wao. Zaidi ya watu 20 walikufa. Maelfu walilala uwanjani Uwanja wa Taifa. Usiku ule kila mmoja alitamani awepo mtu mwenye ramani mkononi na ukweli mdomoni.

Tumezoea kusema, "Ajali haina kinga." Msemo huo una nafasi yake msibani, kwa kumfariji aliyefiwa. Lakini ukitolewa msibani na kuletwa kazini, unageuka kuwa kisingizio cha mvivu. Wahenga hao hao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Seremala wa majahazi wa pwani zetu hangojei chombo kivuje katikati ya bahari. Hukipandisha pwani kikavu, akatia kalafati katika kila mshono, mmoja mmoja, naye hapigiwi ngoma kwa hilo. Safari nzima ya kaskazini ilikuwa juu ya pamba aliyoipigilia.

JIBU LETU KWA MAMA

Basi, mama, hili ndilo jibu tulilokuahidi. Mwanao hakwenda kuwa bawabu. Au kama ni bawabu, ni bawabu wa roho za wote waliomo melini. Kila mlango anaoufunga ni ukuta aliousimamisha upya. Kila pampu anayoijaribu ni neno la ukweli katika daftari. Wenzake wanaopiga mizinga watalala usingizi kwa sababu yeye amepita na taa yake akapapasa kila kifuniko. Akiifanya kazi yake sawasawa miaka ishirini, huenda lisitokee lolote la kumsifu, na huko kutotokea lolote ndiko sifa yake.

Waambie majirani hivyo. Tena mwambie na yeye mwenyewe, maana vijana huchoka na kazi isiyopigiwa makofi, na siku atakayochoka ndiyo siku ataegemeza mlango kwa kipande cha mti.

Nasi tuliobaki nchi kavu, kila mmoja na autafute mlango wake. Karani wa gati na aandike idadi ya kweli. Mkaguzi na aitie pampu moto badala ya kuisoma kwenye orodha. Mkubwa wa kazi akiambiwa "wametosha," asikilize. Na abiria akiona chombo kimejaa, ashuke angoje kingine, ijapokuwa jua ni kali na sokoni amechelewa.